Tiketi ya Pointi Elfu Sita

Binti yake alipompigia simu na kumuuliza, "Mama, nikutumie nauli?" msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Nauli? Mimi unitumie nauli? Mwanangu, hela yako kanunulie nepi. Mimi nina pointi."

Upande wa pili kikasikika kilio cha mtoto mmoja, na cha pili kikaingia juu yake, kama waimbaji wawili wanaogombea wimbo. Mapacha walikuwa na wiki tatu. Likizo ya baba yao ilikuwa inakwisha. Baada ya Jumapili mbili angerudi kazini, mahali pa mbali, na kukaa huko mwezi mzima. Kuanzia Jumatatu ile binti angebaki peke yake na watoto wawili, mikono miwili, na usingizi wa kuomba.

"Na pointi zikikataa je, mama?"

"Pointi hazina mdomo wa kukataa. Jumatatu hiyo utanikuta mlangoni. Nimesema."

Na msusi akisema amesema, amesema. Mashahidi walikuwepo wawili: mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima kama imesikia habari mbaya, na jirani muuza vitambaa, ambaye hakuja kusukwa wala kununua kitu, alikuja tu kupitisha maneno. Kwa jirani yule kusikia, mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Kadi yenyewe ilikuwa ya duka kubwa lililo mwisho wa barabara. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, imechakaa pembe, na msusi aliihifadhi ndani ya kifuko cha simu, mahali ambapo wengine huweka picha za watoto wao. Ukinunua kitu, mtu wa kaunta anaipitisha kwenye mashine, mashine inalia "ti!", na pointi zinaingia. Pointi mia zilikupa kikombe. Elfu moja, pasi ya nguo. Elfu sita, duka lilikupa tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, popote basi lile lilipofika. Msusi hakutaka kikombe wala pasi. Tangu binti yake aolewe mbali, macho yake yalikuwa kwenye ile elfu sita.

Kwa manunuzi yake mwenyewe angezeeka kabla ya kufika. Kwa hiyo alibuni njia. Juu ya kioo cha saluni aliandika kwa kalamu nene: LETA POINTI UPUNGUZIWE. Mteja asiye na hela ya kutosha alichukua namba ya kadi ya msusi, akaenda kununua unga wake na sabuni yake, akarudi na risiti ya kuonyesha pointi zimeingia kwa nani, na msusi akamkatia bei. Wengine walijua kucheza na hesabu hiyo kuliko mwenyewe. Walikuja na risiti ndefu kama mkeka, wakasukwa nywele za siku nzima kwa bei ya kuchana. Mtaa ukamwita Mama Pointi, naye akaitika.

Mtu pekee asiyemwita hivyo alikuwa mumewe, fundi saa, ambaye kibanda chake kiligawana ukuta na saluni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyageuza kwanza kama anatafuta skrubu iliyolegea. Siku mkewe alipomweleza ile njia ya kioo, aliondoa lenzi jichoni.

"Kwa hiyo wao wananunua vitu vyao," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe unawapa kazi yako."

"Ninawapa punguzo. Sasa unasemaje?"

"Sijasema kitu," alijibu fundi, na lenzi ikarudi jichoni.

Jumatano, siku mbili baada ya simu ya binti, msusi alifunga saluni mapema akaenda kudai tiketi yake. Alijipaka mafuta, akavaa gauni la kutokea. Dawati la huduma kwa wateja lilikuwa pembeni, nyuma ya mnara wa mikebe ya nyanya, na dada aliyekaa hapo alikuwa na kope za kubandika na sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Una pointi elfu tano mia tatu na kumi, mama."

"Elfu sita na arobaini," msusi alimsahihisha kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga vifungo. "Risiti ninayo. Nilikuwa nangoja siku ya safari tu."

Dada aliipokea risiti, akaigeuza, akaguna kidogo. "Hii ni ya mwezi uliopita. Pointi zikifikisha mwaka zinakufa, mama. Mwisho wa mwezi mashine inazifuta."

"Zinakufa? Zimeugua nini?"

"Ndiyo masharti. Yako nyuma ya fomu."

Msusi akaonyeshwa nyuma ya fomu. Maandishi yalikuwa madogo kiasi kwamba sisimizi angehitaji miwani. Akasimama pale na gauni lake la kutokea, na ikamjia taratibu kwamba mwaka na nusu mzima amekuwa akiteka maji kwa pakacha. Kila alipoongeza kwa mbele, kuna mkono uliokuwa ukimchotea kwa nyuma.

"Zimepungua mia sita na tisini tu," alisema dada wa kope, kwa kumfariji. "Ukijitahidi unafika."

Nyumbani alimweleza mumewe. Fundi alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Mpigie mtoto," alisema. "Mwambie atume nauli."

"Nife kwanza."

"Ukifa utahitaji nauli kubwa zaidi."

"Wewe cheka! Nimemwambia mbele ya watu, mbele ya yule muuza vitambaa, kwamba sihitaji hela yake. Leo nirudi nikiwa nimenyoosha mkono? Mtoto mwenyewe ana mapacha, anahesabu mpaka nepi."

Fundi hakuwa anacheka. Alikuwa akitazama mikono ya mkewe, namna ilivyokuwa ikisuka ncha ya kanga bila yeye kujua.

Alhamisi na Ijumaa msusi aliwaomba wateja wakanunue chochote, lakini ilikuwa katikati ya mwezi, wakati ambapo watu hata chumvi wanaazimana. Risiti zilizokuja zilikuwa fupi kama kope za dada yule kabla hajazibandika. Jumamosi akaenda mwenyewe, na hapo, juu ya rafu ya mwisho, akaona karatasi nyekundu: POINTI MARA TATU. Akasogea. Ofa ilikuwa ya chakula cha paka.

Msusi hakuwa na paka. Kusema kweli alikuwa hawapendi. Paka, kwake, ni mnyama anayekutazama kama unamdai. Lakini mfuko mmoja ulikuwa na pointi ishirini, na ishirini mara tatu ni sitini, na sitini mara kumi na mbili ni mia saba na ishirini. Alihesabu mara mbili kwenye vidole. Kisha akaanza kupakia mifuko kwenye toroli, na kila mfuko ulikuwa na picha ya paka mweupe anayetabasamu.

Kwenye kaunta foleni nzima ilichungulia toroli.

"Mama, una paka wangapi?" aliuliza mtu wa kaunta.

"Wa kutosha."

"Huyo anafuga chui," ikasema sauti nyuma yake.

"Chui na wanawe," ikajibu nyingine.

Msusi aliwageukia. "Mmemaliza? Anayetaka kujua wanyama wangu aje awalishe." Akalipa kwa mapato ya wiki nzima, yote, yaliyokuwa yamekunjwa ndani ya leso. Mashine ikalia "ti!" mara kumi na mbili, na kila ilipolia mabega yake yalishuka kidogo.

Risiti ilitoka. Aliisoma hapohapo, mlangoni. Pointi za ofa, ilisema, huingia baada ya siku tano za kazi.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mifuko aliipanga saluni, nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, na mmoja ulikuwa na tundu. Jumatatu alikuja paka mmoja wa kijivu, akakaa mlangoni kwa adabu. Jumanne walikuwa wanne. Jumatano wateja walikuwa wanaruka paka ili kuingia.

"Shoga, hapa ni saluni au bucha?" aliuliza jirani muuza vitambaa.

"Wamekuja kusukwa mikia. Na wewe kaa, nafasi ipo."

"Wana pointi?"

Hata mteja aliyekuwa kitini alicheka, na msusi mwenyewe akacheka, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri. Ila alipogeuka kuchukua uzi, aliangalia kalenda.

Ijumaa pointi ziliingia. Pamoja na zile chache za wateja, elfu sita na sabini. Alifika dawatini akihema, na dada wa kope akampongeza, akabonyeza mashine, na tiketi ikatoka kidogokidogo kama ulimi. Safari ya Jumapili asubuhi, kufika Jumatatu alfajiri. Msusi aliipokea kwa mikono miwili.

Kisha akaisoma.

Majina ya mumewe, yote matatu kamili, yalikuwa yameketi pale juu kama mwenye nyumba.

"Dada yangu, hapa mmekosea. Huyu ni mume wangu."

Dada alitazama kwenye kompyuta. "Kadi ndivyo ilivyosajiliwa, mama. Kwa kitambulisho chake."

Ndipo akakumbuka. Siku alipojaza fomu, kitambulisho chake mwenyewe alikuwa amekisahau nyumbani. Cha mumewe kilikuwa kwenye pochi yake, kwa sababu fundi saa, ambaye hakuwahi kupoteza skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele, alikuwa akipoteza kila kitu kilichozidi ukubwa huo, na tangu waoane yeye ndiye aliyemtunzia karatasi zake. Siku ile aliona hakuna tofauti. Mume na mke ni kitu kimoja, na pointi ni pointi.

"Sasa wewe nibadilishie tu."

"Tiketi inasafiriwa na mwenye kadi peke yake, na kitambulisho mkononi. Kubadilisha jina inawezekana, unajaza fomu hii, inachukua siku ishirini na moja."

"Siku ishirini na moja! Si watoto watakuwa wanatembea?"

"Za kazi," aliongeza dada, kwa huruma.

Msusi alirudi polepole. Hakwenda saluni, akaingia kibandani kwa mumewe, akaweka tiketi juu ya meza, katikati ya saa iliyofunguliwa na vipande vyake vilivyopangwa kwa mstari kwenye sahani. Fundi aliisoma. Akaigeuza, akasoma na nyuma. Masharti yale madogo aliyasoma yote, kwa lenzi.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Mkewe alidhani amesikia vibaya. Mwanamume huyu basi lilimtapisha kabla hata halijatoka kituoni. Miaka minane iliyopita walisafiri kwenda msibani, na abiria wa viti vya mbele bado wanamkumbuka.

"Wewe? Basi? Usiku na mchana?"

"Jumatatu mtu anatakiwa awe mlangoni. Wewe ulisema."

"Nilisema mimi! Wewe utafanya nini na mapacha?"

"Nitakachoambiwa."

"Umewahi kumbadilisha mtoto nepi?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu. "Mara moja. Wewe ulikuwa na homa."

"Na ulimfunga kichwani!"

"Nilijifunza hapo."

Msusi alikaa kwenye kigoda cha wateja. Hela ya nauli ya pili haikuwepo; yake ilikuwa imelala saluni katika mifuko kumi na miwili, wiki ile wateja walikuwa wamekuja na risiti tu, na duka lilikwishasema vyakula vya wanyama havirudishwi, na mumewe wiki ile alikuwa amelipia kodi ya kibanda. Alichoumia si hilo. Alimwona binti yake akifungua mlango akitarajia mama, na kumkuta baba, amegeuka kijani, ameshika ndimu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema: huyu mtu, ambaye hakukusanya hata pointi moja, ndiye atakayewashika wale watoto kwanza.

Akampigia binti.

"Mwanangu, Jumatatu anakuja baba yako."

"Baba? Baba yupi?"

"Una wangapi? Huyuhuyu wa saa."

"Mama, unaumwa? Niambie ukweli."

"Siumwi. Pointi zimemchagua yeye." Na hapo akalazimika kueleza yote: pointi zilizokufa, chakula cha paka, kitambulisho. Alieleza bila kupamba. Alitegemea binti atacheka, na binti alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kikageuka kidogo kuwa kilio, kikarudi kuwa kicheko.

"Mama, si ungeniambia tu nitume hela?"

"Hela yako ni ya nepi," alisema msusi. "Hilo sijalifuta. Nipe siku chache, na mimi nakuja kwa miguu yangu."

Jumapili alimsindikiza mumewe kituoni na ndimu tatu na mifuko ya plastiki saba. Basi lilipoanza kutembea alimwona dirishani, amefumba macho, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama anakizuia kisianguke.

Lakini siku moja kabla, Jumamosi asubuhi, alikuwa ameingia saluni na kitambaa chenye maji, akafuta yale maandishi ya kioo. Hayakutoka vizuri, LETA ilibaki kwa mbali. Mteja wa kwanza alifika na risiti.

"Leo hela, dada."

"Eh! Mama Pointi?"

"Pointi ziko safarini. Leo hela."

Mteja alinung'unika, akajishika nywele, akatazama saluni ya ng'ambo ambako mkono wa msusi wa huko ni mzito na watu hutoka na macho yamevutwa, akakaa. Wa pili akakaa. Msusi alisuka Jumamosi, na Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano mpaka saa sita mchana, na kila aliyeinuka kitini aliacha bei kamili ya kichwa chake. Saa sita na robo alifungua leso kuona amepungukiwa kiasi gani. Hakupungukiwa. Nauli ilikuwemo, ya kwenda na ya kurudi, na ikabaki ya sabuni ya watoto.

Aliketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo. Siku nne. Alijaribu kukumbuka vichwa vyote alivyovisuka kwa nusu bei mwaka ule na nusu, vichwa vya watu waliokuwa na hela ya kulipa, akafika thelathini na kitu akaacha. Kulikuwa na basi la saa nane.

Njiani simu za mumewe zilikuja kwa ratiba, kama zilivyokuja tangu Jumatatu. "Wa kwanza amenyonya saa tisa na dakika saba, wa pili saa tisa na dakika ishirini na mbili. Mama yao amekula." Kila mara ilikuwa hivyo, saa na dakika. Kuhusu basi alisema jambo moja tu, kwamba mifuko ilitosha.

Alifika Alhamisi asubuhi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kabla hajabisha mumewe alitokea, kidole mdomoni. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na maziwa begani, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima kama mlinzi wa benki.

"Amelala," alinong'ona. "Tangu saa kumi na moja. Ni mara ya kwanza kulala hivi tangu nije."

Msusi alivua viatu, akapita mlango wa chumba. Binti yake alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, mkono ukining'inia pembeni ya kitanda, kama alivyokuwa akilala akiwa na miaka sita. Alisimama hapo kidogo. Kisha akaenda sebuleni, na juu ya godoro jembamba walikuwa wamelala wajukuu zake, bega kwa bega, ngumi zimefungwa, sura moja imepigwa chapa mara mbili.

"Jamani," alisema kwa pumzi. "Jamani, hawa!" Akapiga magoti. "Yupi mkubwa?"

Fundi alianza kujifuta maziwa begani.

"Nakuuliza, wa kwanza ni yupi?"

"Mkubwa anavaa soksi nyeupe," alisema fundi. "Mdogo, za kijani."

Msusi alitazama miguu minne. Yote ilikuwa mitupu.

"Nilizifua," alisema mumewe. "Zote kwa pamoja, kazi iishe. Nikawalaza kwa mpangilio, wa kwanza kushoto, wa pili kulia, kama ninavyopanga vipande nikifungua saa."

"Enhe?"

"Vipande vya saa havilii. Huyu akalia, nikambeba. Akalia na huyu, nikamlaza yule nikambeba huyu. Halafu..." Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba ya ndoa yao alionekana kama mtu aliyefunga saa na kukuta skrubu imebaki mezani.

"Baba wee," mkewe alinong'ona. "Umechanganya watoto."

"Hawajachanganyika. Wao wanajijua. Ni mimi tu ndiye sijui."

Msusi aliziba mdomo kwa kanga, akatikisika kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka, na ilimbidi ashike ukingo wa godoro. Mumewe alimtazama kwa wasiwasi, kisha naye bega likaanza kumruka.

"Mama yao atawajua?" aliuliza fundi alipoweza kusema.

"Mama anajua."

"Basi tumwamshe?"

Msusi aligeuka, akautazama mlango wa chumba, na ule mkono uliokuwa ukining'inia.

"Thubutu," alisema.

Mtoto mmoja alianza kukunja uso. Msusi alimuwahi kabla sauti haijatoka, akamweka kifuani, na akahisi ule uzito mdogo wa moto ukijipanga chini ya kidevu chake. Hakujua amembeba wa kwanza au wa pili. Mumewe alimchukua mwenziwe, wakakaa chini, mgongo ukutani, wakisubiri mama mtu aamke awaambie wamebeba nani.